HAYATI MCHUNGAJI GUDINA TUMSA (1929–1979)
Mchungaji aliyekataa kuliacha kundi lake



Katika toleo hili la kumbukumbu, tunawaletea maisha ya Mwafrika mmoja ambaye jina lake linajulikana sana kwa ndugu zetu Waethiopia, lakini wengi wetu tuliotoka nchi nyingine hatujapata kulisikia. Naye ni Mchungaji Gudina Tumsa, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Mekane Yesus la Ethiopia. Alitekwa na kuuawa tarehe 28 Julai 1979, nchi yake ikiwa katika vita na serikali ikilibana kanisa kila upande.

KUZALIWA NA ELIMU YAKE

Gudina alizaliwa mwaka 1929 huko Boji, katika jimbo la Wollega, magharibi mwa Ethiopia. Alikuwa Mworomo. Boji ni mahali ambapo Injili ilihubiriwa na Waafrika wenyewe tangu mwishoni mwa karne ya 19. Gudina alikuwa mtoto mdogo wakati Waitalia walipoivamia Ethiopia mwaka 1935. Wamisionari wengi waliondolewa, lakini waumini wa Wollega hawakufunga ibada. Waliendelea na wainjilisti wao wenyewe. Hivyo tangu utotoni aliona kwamba kanisa laweza kuishi hata likiwa halina mgeni wa kulishika mkono.

Alisoma shule ya misioni, kisha akaenda Nekemte, ambako alifanya kazi katika hospitali ya misioni ya Kiswidi. Huko alijifunza uuguzi, akawa pia mkalimani. Alimwoa Bi. Tsehay Tolessa. Mwaka 1958 alibarikiwa kuwa mchungaji. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Januari 1959, makanisa yaliyotokana na misioni mbalimbali yaliungana, likazaliwa Kanisa la Mekane Yesus, maana yake mahali pa Yesu. Wakati huo lilikuwa na waumini wapatao 20,000.

Kuanzia mwaka 1963 Gudina alisoma theolojia huko Minnesota, Marekani. Aliporudi mwaka 1966 alichaguliwa kuwa Katibu Mkuu wa kanisa lake, kazi aliyoifanya hadi kufa kwake.

BARUA KWA WAFADHILI

Mwaka 1972 kanisa lake, yeye akiwa Katibu Mkuu, lilipeleka barua Geneva kwa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Jambo lenyewe lilikuwa hili. Wafadhili wa Ulaya walikuwa tayari kutoa fedha nyingi kwa visima, shule, zahanati na barabara. Lakini kanisa lilipoomba msaada wa kufundisha wachungaji na wainjilisti, milango ilikuwa migumu. Barua hiyo ilieleza kwamba mtu ni mmoja, hagawanyiki. Ana tumbo, ana akili, ana roho. Anayemlisha mtu na kumwachia roho tupu hajamsaidia, na anayemhubiria mtu mwenye njaa bila kumpa chakula naye hajamsaidia. Ikauliza pia ni kwa haki gani mtu aliye mbali aamue peke yake mahitaji ya watu asioishi nao.

Barua hiyo ilizua mjadala mkubwa, hata mwaka 1974 ukaitishwa mkutano wa makanisa huko Nairobi kuizungumzia. Tunaitaja hapa kwa sababu swali lake halijazeeka. Mkimbizi naye ni mtu mmoja asiyegawanyika. Anahitaji unga na mafuta, anahitaji dawa, na anahitaji pia mahali pa kusali, shule ya watoto, na kuulizwa maoni yake kabla ya kupangiwa mambo.

MAPINDUZI YANAINGIA

Septemba 1974 Mfalme Haile Selassie aliondolewa madarakani na kundi la wanajeshi waliojulikana kwa jina la Derg. Watu wengi walifurahi. Wakulima wa Wollega na wa kusini walikuwa wamenyonywa na mabwana wa ardhi kwa miaka mingi, na sheria ya Machi 1975 iliwapa matumaini. Kanisa la Mekane Yesus halikupinga haki hiyo. Mwaka 1975 lilitangaza kwamba linaunga mkono usawa na kuondolewa kwa unyonyaji. Gudina mwenyewe alikuwa mtetezi wa wanyonge tangu zamani, kwa hiyo mtu asije akafikiri kwamba aliuawa kwa kuwatetea matajiri.

Ugomvi ulianza pale serikali ilipotaka jambo ambalo kanisa haliwezi kulitoa. Ilitaka kuwa na neno la mwisho juu ya dhamiri ya mtu. Mwaka 1976 Patriaki wa Kanisa la Orthodoksi, Abuna Tewoflos, aliondolewa na serikali na kufungwa, na mwaka 1979 akauawa. Katika mwaka huohuo wa 1976 Gudina alisaidia kuunda baraza la ushirikiano lililoyakutanisha makanisa mbalimbali ya Ethiopia, akawa mwenyekiti wake. Aliona kwamba makanisa yakigawanyika yatamezwa moja moja.

Tarehe 12 Machi 1977 askari waliiteka Redio Sauti ya Injili iliyokuwa Addis Ababa. Redio hiyo, iliyoanza mwaka 1963, ilirusha matangazo kwa lugha nyingi za Afrika na Asia, Kiswahili kikiwemo, na vipindi vya Kiswahili vilitengenezwa Moshi, Tanzania. Kuanzia siku hiyo ikawa sauti ya mapinduzi.

KANISA WAKATI WA VITA

Mwezi Julai 1977 jeshi la Somalia liliingia Ogaden. Vita hiyo ilidumu hadi Machi 1978, na Derg ilipata msaada mkubwa wa silaha kutoka Umoja wa Kisovyeti na askari kutoka Kuba. Wakati huohuo kulikuwa na vita Eritrea, na ndani ya miji kulikuwa na mauaji yaliyoitwa Ugaidi Mwekundu, ambamo maelfu ya watu, hasa vijana, waliuawa.

Sisi tuliopitia vita tunajua jinsi mambo yanavyokwenda. Vita ikianza, kila anayeuliza swali huitwa msaliti. Hivyo ndivyo ilivyokuwa huko. Ofisi za mitaa, zilizoitwa kebele, ziliitisha mikutano ya siasa Jumapili asubuhi, saa ya ibada, na asiyehudhuria alijitafutia mashaka. Vijana waliokataa kuinua mkono na kutamka kaulimbiu kwamba mapinduzi yako juu ya vyote walipigwa na kufungwa. Makanisa ya Kiinjili yaliitwa dini ya kigeni na vibaraka wa mabeberu. Majengo mengi ya ibada yalifungwa au kugeuzwa ofisi.

Mekane Yesus lilitiliwa shaka zaidi kwa kuwa waumini wake wengi walikuwa Waoromo. Tena ndugu yake Gudina, Baro Tumsa, alikuwa miongoni mwa viongozi wa harakati za ukombozi wa Waoromo, akafa mwaka 1978. Gudina hakuligeuza kanisa kuwa tawi la harakati hizo, wala hakukubali kuligeuza kuwa tawi la serikali.

Ndipo serikali ikamtaka asafiri nje ya nchi akawaambie watu kwamba Ethiopia hakuna mateso ya kidini. Lilikuwa jambo jepesi kwa mtu anayetafuta usalama wake. Angepanda ndege, angesema maneno machache, angerudi na heshima. Gudina alikataa, kwa kuwa maneno hayo yangekuwa uongo juu ya migongo ya waumini waliokuwa gerezani.

Oktoba 1978 alikamatwa, akaachiwa baada ya majuma machache. Juni 1979 akakamatwa tena, akaachiwa tena. Katika miezi hiyo ya mwisho aliandika juu ya wajibu wa Mkristo katika jamii, akikumbuka mfano wa Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyenyongwa na utawala wa Hitler mwaka 1945.

NJIA YA KUTOROKA

Rafiki zake waliona wazi kwamba safari ya tatu haitakuwa na kurudi. Wakamtafutia njia ya kutoka nchini. Katika masimulizi ya maisha yake hutajwa Mwalimu Julius Nyerere wa Tanzania kuwa mmoja wa waliotaka kumwokoa. Gudina alishukuru, lakini hakwenda. Alieleza kwamba kanisa lake liko pale na watu wake wako pale, na kiongozi hawezi kuliacha kundi saa ya majaribu baada ya kulihimiza livumilie.

Jioni ya tarehe 28 Julai 1979 alihudumu katika usharika wa Urael, Addis Ababa. Alipotoka pamoja na mkewe, watu wenye silaha waliwazuia. Bi. Tsehay aliachwa baadaye usiku ule. Gudina hakuonekana tena. Serikali ilikana kujua alipo, na kwa miaka 13 familia na kanisa hawakujua kama yu hai au amekufa. Mwaka 1980 Bi. Tsehay naye alikamatwa, akateswa vibaya, akakaa gerezani karibu miaka 10 bila kuhukumiwa. Watoto wao wakabaki bila baba na bila mama. Aliachiwa mwaka 1989, akaishi hadi mwaka 2014.

Utawala wa Derg ulianguka Mei 1991. Mwaka 1992 mabaki ya Gudina yalipatikana Addis Ababa. Ikajulikana kwamba alinyongwa usiku uleule aliotekwa. Alizikwa kwa heshima tarehe 27 Juni 1992. Mtawala aliyekuwa mkuu wa Derg, Mengistu Haile Mariam, alikuwa amekimbilia Zimbabwe, na mwaka 2006 mahakama ya Ethiopia ilimtia hatiani bila yeye kuwapo.

Na kanisa je? Jengo lake la makao makuu lilinyang'anywa mwaka 1981, lakini waumini waliendelea kukutana majumbani. Lile kanisa la watu 20,000 leo lina waumini zaidi ya milioni 10.

SISI TULIOKIMBIA

Huenda msomaji mmoja atasema moyoni: yeye alibaki, mimi nilikimbia, basi mimi ni mwoga. Hapana, ndugu yangu. Gudina alibaki kwa sababu ya dhamana aliyopewa juu ya watu wengine. Mama aliyembeba mtoto usiku akavuka mpaka naye alitunza dhamana aliyopewa. Yosefu alimchukua mtoto Yesu akakimbilia Misri, na Maandiko hayamlaumu. Waislamu wa kwanza walipoteswa Makka walikimbilia Uhabeshi, ndiyo Ethiopia hiyohiyo, na mfalme Mkristo wa huko akakataa kuwarudisha kwa watesi wao. Kukimbia si dhambi, wala kukimbia si kuacha imani.

Tunachotakiwa kujiuliza ni hiki: tumefanya nini na uhai tuliouokoa? Hapa kambini makanisa na misikiti vimekaribiana. Hakuna kebele ya kutuzuia Jumapili wala Ijumaa. Uhuru huo watu kama Gudina waliulipia kwa damu. Ni aibu basi tukiutumia kuwatenga jirani wa dhehebu lingine, kumnyima mtu nafasi kwenye foleni ya maji kwa sababu ya dini yake, au kusema uongo juu ya kabila la mwenzetu ili tupendwe na wenye mamlaka.

Walimu wenzangu, wafundisheni watoto jina hili pamoja na majina ya mashujaa wengine wa Afrika. Nanyi wazee mliotoka Wollega na Addis Ababa, mkiwa na kumbukumbu za miaka ile, wasimulieni vijana kabla hazijapotea.

Mungu amrehemu Mchungaji Gudina Tumsa, na atujalie sote amani ya kurudi makwetu.