Giemsa: Jina Lililogeuka Rangi

Sisi wanaisimu huvutiwa na majina ya watu yaliyogeuka kuwa nomino za kawaida. Mojawapo ni Giemsa. Katika maabara za huku kwetu Naivasha, kama kwingineko nchini, neno hilo ni jina la rangi inayotiwa kwenye damu kabla ya kutazamwa kwa hadubini. Aghalabu wanaolitamka hawajui kwamba Giemsa alikuwa mtu, na kwamba aliwahi kuishi Afrika Mashariki.

Gustav Giemsa, Mjerumani, alizaliwa mwaka 1867, akasomea ufamasia mjini Leipzig. Kuanzia 1895 hadi 1898 aliifanya kazi hiyo katika koloni la Wajerumani ambalo sehemu yake kubwa leo ni Tanzania Bara. Baadaye akawa mkemia katika taasisi ya magonjwa ya nchi za joto, iliyofunguliwa Hamburg mwaka 1900.

Wakati huo, Mrusi Romanowsky alikuwa amekwisha kuonyesha, mwaka 1891, kwamba mchanganyiko wa rangi ya buluu na eosini, ambayo ni nyekundu, hukidhihirisha kijidudu cha malaria. Lakini mchanganyiko huo uliharibika upesi. Giemsa aliuimarisha kwa gliserini na methanoli, na mwaka 1904 akaitangaza njia yake.

Faida yake haikuishia kwenye malaria. Seli changa ya damu nyekundu, ingali katika uboho wa mifupa, ina kiini kikubwa na huonekana ya buluu. Inapokomaa, kiini husinyaa na kutolewa, nayo hugeuka rangi ya waridi, ikaingia mishipani kufanya kazi kwa siku 120 hivi. Katika seli nyeupe, eosinofili hujulikana kwa chembe zake nyekundu, na limfosaiti kwa kiini cha mviringo kinachokaribia kuijaza yote. Jina eosinofili maana yake ni mpenda eosini. Aliyeitambua seli hiyo kwa rangi, mwaka 1879, ni Paul Ehrlich, Mjerumani wa asili ya Kiyahudi. Giemsa alijenga juu ya msingi wa Ehrlich.

Hapo ndipo simulizi inapokuwa chungu. Mwaka 1933, Wayahudi walipokuwa wakifukuzwa vyuoni Ujerumani, Giemsa alijiunga na chama cha Wanazi, akawa miongoni mwa maprofesa waliotia saini tamko la utiifu kwa Adolf Hitler. Alifariki mwaka 1948.

Sisemi rangi yake imwagwe. Wengi wanaofanya kazi katika mashamba ya maua ya Naivasha hutoka kandokando ya Ziwa Viktoria, ambako malaria imeenea. Wakirudi na homa, damu yao huchunguzwa kwa rangi hiyo hiyo. Ninalosema ni kwamba elimu peke yake haimkingi mtu na chuki. Naivasha yaelewa hayo: Januari 2008 watu waliuawa hapa kwa sababu ya kabila, na wengine wakateketezwa nyumbani. Mwalimu wa biolojia anapomwonyesha mwanafunzi slaidi ya damu, na amweleze pia maisha ya aliyeipa rangi hiyo jina. Mwanafunzi ataona kwamba hakuna seli hata moja iliyoandikwa kabila, na atajua kwamba mtu aweza kulitazama jambo hilo miaka thelathini na bado asilizingatie.