Trendelenburg, mpasuaji aliyewalaza wagonjwa kichwa chini

KILA mara madaktari wanapotumia roboti kuondoa tezi dume yenye saratani, kitanda huinamishwa hadi kichwa cha mgonjwa kikawa chini na miguu juu, kwa mteremko unaoweza kufika nyuzi 30 na hata kuzidi. Mkao huo unaitwa kwa jina la Friedrich Trendelenburg, mpasuaji Mjerumani aliyeaga dunia miongo mingi kabla ya mashine hiyo kubuniwa.

Alizaliwa jijini Berlin mnamo Mei 24, 1844. Babaye alikuwa mwanafalsafa mtajika. Kijana huyo alisomea utabibu katika miji ya Glasgow na Edinburgh kule Uskochi, kisha akarejea Berlin na kuhitimu mwaka wa 1866. Ajabu ni kwamba tasnifu yake haikuhusu tiba ya Ulaya, bali upasuaji wa Wahindi wa kale. Baadaye alikuwa msaidizi wa Bernhard von Langenbeck, gwiji wa upasuaji wa enzi hizo, na mnamo 1872 alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha wapasuaji wa Ujerumani. Alipata uprofesa Rostock mwaka wa 1875, Bonn 1882, na hatimaye Leipzig 1895.

Ni katika kipindi cha Bonn ambapo mkao wake ulipata kujulikana. Miongoni mwa waliomfikia walikuwa wanawake waliougua nasuri, yaani fistula, tundu linalotokea kati ya kibofu na uke, aghalabu baada ya uchungu wa uzazi wa muda mrefu. Mwanamke wa aina hiyo hutokwa na mkojo mchana na usiku, na wengi hutengwa hata na jamaa zao. Ni masaibu ambayo yangali yanawakumba akina mama hapa Kenya. Kulifikia tundu hilo kulikuwa kibarua kigumu kwa sababu matumbo huzagaa katika nyonga na kumziba mpasuaji macho.

Suluhu ya Trendelenburg ilikuwa nyepesi mno. Aliinua nyonga za mgonjwa juu ya kichwa, na matumbo yakateleza yenyewe kuelekea kifuani. Hapo mwanzoni hapakuhitajika kitanda maalumu: msaidizi alisimama akiwa ameyabeba magoti ya mgonjwa mabegani. Mwanafunzi wake, Willy Meyer, ndiye aliyeueleza mkao huo kwa maandishi mwaka wa 1885. Mwalimu mwenyewe alichapisha yake mnamo 1890.

Tangu hapo mkao ukatumiwa hata pasipostahili. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mtaalamu Mmarekani Walter Cannon alipendekeza majeruhi waliozidiwa kwa kupoteza damu walazwe vivyo hivyo, ili damu irudi moyoni na kichwani. Baada ya miaka kadhaa alighairi, lakini desturi hiyo ilikwishaota mizizi hospitalini.

Ujio wa upasuaji wa roboti, ulioanza kutumiwa kwa tezi dume mwaka wa 2000, uliupa mkao huo maisha mapya na hatari mpya. Mgonjwa hulala akiwa ameinama kwa saa kadhaa huku tumbo likiwa limejazwa gesi ya kaboni dayoksaidi. Matumbo na gesi husukuma juu msuli unaotenga kifua na tumbo, mapafu yakabanwa na kazi ya mashine ya kupumulia ikazidi. Damu hujaa kichwani. Uso na koo huweza kuvimba, na shinikizo ndani ya macho hupanda, jambo la kuhofiwa hasa kwa mwenye glakoma. Mwili nao hutaka kuteleza. Ukizuiwa kwa vishikizo vya mabegani, neva za mkono huweza kuumia, na mgonjwa akaamka na ganzi asiyoitarajia. Ndiyo maana timu makini hupunguza mteremko pale inapowezekana, na kuhesabu saa.

Trendelenburg mwenyewe hakuwa mtu wa jambo moja. Alifanyia kazi mishipa ya miguu iliyovimba na viungo vya nyonga vilivyoteguka, na huko Leipzig, kufikia 1908, alithubutu kufungua kifua na kuondoa damu iliyoganda katika mshipa mkuu wa mapafu. Wagonjwa wake wote wa upasuaji huo walifariki. Alistaafu mwaka wa 1911 bila kuona hata mmoja akipona.

Mnamo Machi 1924, daktari Martin Kirschner aliifanya operesheni hiyo hiyo mjini Königsberg, na mgonjwa, mwanamke, akaishi. Mzee Trendelenburg alikuwa angali hai. Alifariki kwa saratani ya taya Desemba 15 mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 80.