Al-Mansur na Mji Wake wa Duara

Wako wenye hekima wengi walioutunga mji usio na kasoro vitabuni. Wachache mno ndio waliothubutu kuujenga kwa tofali na udongo. Mmojawapo ni Abu Jaafar al-Mansur, Khalifa wa pili wa ukoo wa Bani Abbas, ambaye habari zake zawafaa sana wale waliokabidhiwa dhamana ya kulinda malango ya nchi.

Alizaliwa yapata mwaka 714 huko Humayma, katika nchi iitwayo leo Jordan. Mama yake, Sallama, alikuwa mjakazi wa Kiberberi. Mwaka 750 ukoo wake uliwapindua Bani Umayya. Nduguye as-Saffah akatawala kwanza, naye akamrithi mwaka 754. Alikuwa mchapa kazi asiyechoka, tena mkono wa birika, hata watu wakamwita baba wa vijisenti.

Hofu, hata hivyo, haikumtoka. Mwaka 755 alimwua Abu Muslim, jemadari yule yule aliyeupatia ukoo wao ushindi, kwa kuwa aliuogopa uwezo wake. Miaka mitatu baadaye waasi walimvamia huko Hashimiya, karibu na Kufa, akaponea chupuchupu. Ndipo alipoazimia kujenga makao mapya.

Alipachagua mahali kando ya mto Tigris, ambapo mashua za nafaka na bidhaa ziliweza kufika kutoka kaskazini na kusini. Mwaka 762, siku iliyochaguliwa na wanajimu, ramani ya mji ilichorwa ardhini kwa majivu. Yasimuliwa kwamba Khalifa aliitembelea mistari ile kwa miguu, kisha akaamuru ipangwe mbegu za pamba zenye mafuta na kutiwa moto, apate kuuona mji wake mzima kabla haujajengwa. Kazi ilisimama kwa muda alipokuwa akizima maasi ya Madina na Basra. Ilikamilika yapata mwaka 766. Akauita Madinat as-Salam, yaani Mji wa Amani. Ndio Baghdad.

Ulikuwa duara kamili, upana wake zaidi ya kilometa mbili, wenye kuta nene, handaki, na malango manne: la Kufa, la Basra, la Khorasan na la Sham. Nyumba za maofisa na watumishi zilifuata mzunguko wa ukuta. Katikati palikuwa na uwanja mpana, na humo kasri lenye kuba la kijani, msikiti na makao ya walinzi. Kwa jicho la askari, mpango huo ulitimia: kila lango lilikuwa mbali na Khalifa kwa kadiri moja, na kila mtaa uliweza kufungwa.

Lakini mji hauishi kwa kulindwa tu. Hapo kwanza masoko yalikuwa ndani ya ukuta. Yasimuliwa kwamba mjumbe wa Rumi alimtahadharisha Khalifa kuwa wapelelezi waweza kuingia kwa kisingizio cha biashara. Yapata mwaka 773 wafanyabiashara wakahamishiwa Karkh, kusini mwa ukuta, na uhai wa mji ukawafuata huko huko. Ng'ambo ya mto ikastawi Rusafa, iliyoanza kama kambi ya mwanawe, al-Mahdi. Khalifa mwenyewe akajijengea kasri jingine, al-Khuld, ukingoni mwa mto, nje ya duara alilolichora.

Al-Mansur alifariki mwaka 775, akiwa safarini kwenda kuhiji Makka. Mwaka 812 vitukuu vyake wawili, al-Amin na al-Mamun, waligombea ukhalifa, na manati ya jeshi la mmoja yakauponda mji wa babu yao. Ukuta uliojengwa kumzuia adui haukuwa na dawa ya ugomvi wa ndugu. Mwaka 941 kuba la kijani nalo likaporomoka.

Mwaka uliofuata, mwanafalsafa al-Farabi aliondoka Baghdad kwenda Sham, akiwa na kitabu chake juu ya mji mwema. Yeye hakuujenga mji huo juu ya kuta; aliufananisha na mwili wenye afya, ambamo kila kiungo chasaidia kingine. Huko Ulaya, mwaka 1593, watawala wa Venezia walianza kujenga Palmanova, mji wa ngome wenye umbo la nyota. Ulipendeza mno kwenye ramani, ila raia hawakutaka kuhamia. Mwaka 1622 ilibidi wahalifu wasamehewe na kupewa viwanja humo.

Hakuna ukuta wa al-Mansur uliosimama leo. Lakini Karkh na Rusafa, soko lililofukuzwa na kambi iliyogeuka mji, hata sasa ndiyo majina ya pande mbili za Baghdad. Mlinzi mwema huyalinda malango. Hasahau kamwe kwamba yamewekwa kwa ajili ya watu wapitao humo.