Grogan: Mwandishi mtembezi aliyeacha kasri Taveta

Msafiri atokaye Ronge, akateremka hadi Mwatate na kufuata barabara ya Taveta, hukaribia mwisho wa safari yake penye kilima cha Girigan. Hapo ndipo lilipo jumba la miaka ya 1930 liitwalo Kasri la Grogan. Mwenyewe, Ewart Grogan, alikuwa mhamiaji aliyejipatia jina kwa miguu na kwa kalamu.

Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1874. Baada ya kufukuzwa Chuo Kikuu cha Cambridge, alivuka bahari na mwaka wa 1896 akapigana upande wa walowezi dhidi ya Wandebele, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Kisha alimpenda Gertrude Watt wa New Zealand. Inasimuliwa kwamba baba wa kambo wa binti huyo alitilia shaka uwezo wake, naye akaapa kuvuka Afrika kutoka kusini hadi kaskazini.

Safari hiyo ilianza mwaka wa 1898. Alikabiliana na homa, njaa, simba na vinamasi vya mto Nile, kisha akawasili Cairo mwaka wa 1900. Mwaka huo huo alimwoa Gertrude na kuchapisha kitabu kuhusu safari yake, ambamo pia alitetea kwamba Waafrika washurutishwe kufanya kazi.

Maoni hayo hayakubakia kitabuni. Alihamia Kenya mwaka wa 1904, na Machi 1907 akawacharaza viboko hadharani Wakikuyu 3 mbele ya mahakama ya Nairobi. Alihukumiwa kifungo cha mwezi 1, lakini hakupoteza heshima mbele ya walowezi wenzake. Baadaye alikuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, na huko Taveta akamiliki mashamba makubwa ya mkonge ya Jipe na Ziwani.

Gertrude alifariki mwaka wa 1943. Kwa kumbukumbu yake, Grogan alitoa ardhi ya hospitali ya watoto ya Gertrude's, iliyoko Muthaiga, Nairobi. Yeye mwenyewe alifariki Cape Town mwaka wa 1967, akiwa na umri wa miaka 92.

Hivyo basi, mtu mmoja aliacha hospitali inayotibu watoto, na pia mashamba ambayo kwa miaka mingi yamezua mizozo na maskwota. Kitabu chake wamekisoma wachache. Suala la ardhi ya Taveta linajulikana na wengi.