Gauss, msomi aliyekokotoa njia ya gimba lililopotea angani

KILA anayetumia kompyuta kuchanganua takwimu ana deni kwa Mjerumani Carl Friedrich Gauss, aliyeaga dunia Februari 23, 1855.

Alizaliwa Aprili 30, 1777 mjini Brunswick, katika familia maskini. Mtawala wa jimbo hilo alipotambua kipaji chake, alimlipia gharama za masomo.

Nyota yake iling'aa mwaka wa 1801. Januari mwaka huo, kasisi Giuseppe Piazzi aligundua gimba geni angani akiwa Palermo, Italia. Alilifuatilia kwa siku 41 tu kabla halijamezwa na mwanga wa jua. Wataalamu walihofu kwamba gimba hilo, Ceres, lingepotea kabisa. Gauss, akiwa na umri wa miaka 24, alikokotoa njia yake kwa mkono. Desemba lilionekana tena karibu na mahali alipobashiri.

Gauss alifahamu kwamba hakuna kipimo kisicho na kosa. Mnamo 1809 alichapisha kanuni ya kuchagua jibu ambalo hufanya jumla ya miraba ya makosa kuwa ndogo kabisa. Mfaransa Adrien-Marie Legendre alikuwa ameichapisha mwaka wa 1805, lakini Gauss akadai kuitumia tangu 1795. Mzozo ukazuka.

Aliongoza kituo cha kuchunguza anga cha Göttingen tangu 1807 hadi kifo chake. Kanuni hiyo waliyoigombania ingali moyo wa programu za takwimu, R ikiwemo, zinapokadiria uhusiano baina ya vipimo.