Hayati Dkt. Bruno Gutmann na Ujirani wa Mlimani (1876–1966)

Bruno Gutmann alizaliwa tarehe 4 Julai 1876 mjini Dresden, nchini Ujerumani, katika familia ya hali ya chini. Kabla ya kuitikia wito wa umisionari alikuwa karani katika ofisi ya Pieschen, kijiji kilichokuwa kikigeuka kwa kasi kuwa kitongoji cha viwanda, hata mwaka 1897 jiji la Dresden likakimeza kabisa. Kazi hiyo ndogo twaitaja kwa makusudi. Kijana huyu aliona kwa macho yake jinsi kijiji kinavyofutika, na jinsi watu wanavyoweza kupanga chini ya paa moja bila kujuana majina. Jambo hilo halikumtoka moyoni maisha yake yote.

Mwaka 1895 aliingia Chuo cha Umisionari cha Leipzig. Humo alivutiwa pia na mafundisho ya Profesa Wilhelm Wundt juu ya nafsi na desturi za mataifa. Mwaka 1902 alifika Kilimanjaro. Alitumika Mamba na Machame, akaanzisha kituo cha Masama, na tangu mwaka 1910 akawekwa Old Moshi, katika kituo cha Kidia.

Old Moshi haikuwa mahali pepesi. Miaka miwili tu kabla ya Gutmann kukanyaga nchi hii, Wajerumani walikuwa wamemnyonga Mangi Meli hapo hapo, pamoja na viongozi wengine. Mmisionari aliyetoka katika taifa la wanyongaji alipaswa kuhubiri upatanisho kwa wajane na watoto wa walionyongwa. Yeye alichagua kwanza kuketi na wazee na kusikiliza. Aliandika mashauri yao, sheria zao za mashamba, mifugo na ndoa, na mafundisho waliyopewa vijana wa jando. Matunda yake ni kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachagga, kilichotoka mwaka 1926, na majuzuu matatu ya mafundisho ya kabila, yaliyochapishwa kati ya mwaka 1932 na 1938. Wajukuu wa wazee wale, wakitaka kujua babu zao walihukumu vipi kesi ya mpaka wa kihamba, hawana budi kurejea maandiko ya mgeni huyu, tena kwa Kijerumani.

Katika kusikiliza huko aliona vifungo vitatu vinavyomshika mtu, yaani ukoo, ujirani na rika. Chukua mfano wa mfongo. Maji yateremkayo kutoka msituni hayawezi kumilikiwa na mtu mmoja. Wenye vihamba kando ya mfereji huo hugawana zamu, hutoka pamoja kuuzibua, na mvivu huulizwa mbele ya wenzake. Kwa Gutmann, ujirani wa namna hiyo ulikuwa zawadi ya Muumba, iliyokuwepo kabla mmisionari hajafika. Injili, kwa maoni yake, haikuja kumng'oa mtu mmoja mmoja kutoka kwa jirani zake na kumwita Mkristo, bali kuusafisha na kuujaza ujirani wenyewe. Kwa hiyo aliujenga usharika kwa kufuata maeneo ya watu, akawapa wazee wa kila eneo wajibu wa kutunza wagonjwa, yatima na wenye ugomvi. Vijana wa kipaimara aliwaunganisha katika vikundi vidogo vya undugu wa ngao, wachungane maisha yao yote, kama walivyofanya wenzi wa jando zamani. Akatafsiri pia Agano Jipya kwa Kimochi.

Lakini wakati huo huo mji ulikuwa ukizaliwa bondeni. Reli kutoka Tanga ilifika mwaka 1911, na makao ya serikali yakashuka kutoka mlimani yakachukua hata jina la Moshi. Kahawa ikaleta fedha. Mwaka 1925 Wachagga waliunda chama chao cha wakulima wa kahawa, kikiongozwa na Joseph Merinyo, Mkristo wa Old Moshi aliyewahi kuwa msaidizi wa Gutmann mwenyewe. Mwalimu alikuwa na hofu na fedha pamoja na mji. Mwanafunzi aliona humo njia ya watu wake kusimama. Katika hili, kwa maoni ya mwandishi, mwanafunzi aliona mbali zaidi. Gutmann aliutazama mji kwa macho ya Pieschen, kama mahali pa kuvunjika tu, wala hakuamini kwamba watu wasio na ukoo mmoja wala lugha moja wangeweza kuwa majirani kweli.

Tena si kila kifungo cha zamani kilistahili kutunzwa. Viongozi wa Kikristo wa Kichagga na wamisionari wenzake walipotaka ukeketaji ukatazwe miongoni mwa waumini, Gutmann hakuunga mkono katazo hilo, akihofu kwamba mila yote ingeporomoka. Sheria ya nchi ya mwaka 1998 iliyowalinda wasichana ilikuja baada ya vizazi vingi kuumia. Hatuwezi kusimulia maisha yake na kuliruka jambo hili.

Mwaka 1920 Waingereza waliwafukuza wamisionari wa Leipzig, naye akaondoka. Katika miaka ile migumu walimu na wazee wenyeji waliendesha sharika, wakisaidiwa baadaye na Waaugustana wa Marekani. Vyuo vikuu vya Ujerumani vilimtunuku udaktari wa heshima, Erlangen wa theolojia na Würzburg wa sheria. Alirejea Old Moshi katikati ya miaka ya 1920 na kutumika hadi mwaka 1938.

Neno mtaa tunalitumia leo kwa mambo mawili, yaani sehemu ya mji na sehemu ya usharika. Katika mitaa ya mjini Mchagga huketi na Mpare, Msambaa na Mnyiramba, nao huimba, huchangia misiba na kuamua magomvi kwa Kiswahili, lugha ambayo Gutmann hakuipa nafasi ya kwanza.

Alistaafu Ehingen, Bavaria. Mwaka 1963, alipokuwa mzee wa miaka 86, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliundwa chini ya Askofu Stefano Moshi, mwana wa mlima ule ule. Gutmann alifariki tarehe 17 Desemba 1966.