Jane Addams, Jirani wa Mtaa wa Halsted

 

Katika ukurasa huu wa maisha ya watu, safari hii nimemchagua Jane Addams. Hakuwa mtu wa kwetu. Nimemchagua kwa sababu alishughulika na watu kama sisi, yaani wahamiaji, na kwa sababu kazi ya ustawi wa jamii hapa Marekani inamtaja kuwa mmoja wa waasisi wake. Huenda mlipofika nchi hii mtu fulani aliwasaidia kujaza fomu, kupata shule na kupata daktari. Hospitalini ninakofanya kazi ninawaona watu hao kila siku. Mimi nafunga kidonda, wao wanauliza mgonjwa akitoka hapa atalala wapi.

Jane alizaliwa tarehe 6 Septemba 1860 katika kijiji cha Cedarville, jimbo la Illinois. Baba yake alikuwa na kinu cha kusaga nafaka, tena alikuwa seneta wa jimbo aliyefahamiana na Abraham Lincoln. Mama yake alifariki Jane akiwa na miaka miwili tu. Alipofika miaka minne akaugua kifua kikuu cha uti wa mgongo. Siku hizi tunautibu ugonjwa huo kwa vidonge, lakini wakati ule dawa hazikuwapo, na mgongo wake ukabaki umepinda. Akajiona ana sura mbaya. Jumapili hakutaka wageni wamwone akitembea na baba yake, asije akamwaibisha.

Alisoma chuo cha wasichana cha Rockford, akamaliza mwaka 1881. Mwaka huohuo baba yake akafariki. Alianza kusomea udaktari Philadelphia, mgongo ukamsumbua, akaacha. Miaka ikapita bila kujua afanye nini na maisha yake. Pesa alikuwa nazo, elimu alikuwa nayo, kazi ya maana hakuwa nayo. Ninyi vijana mnaoulizwa kila siku mtakuwa nani mkikua, likumbukeni hilo.

Alisafiri Ulaya mara mbili. Katika London ya mashariki, usiku wa Jumamosi, aliona maskini wakigombea mboga zilizoanza kuoza kwenye mnada. Mtu mmoja aliponunua kabichi yake aliketi palepale akaila mbichi, bila hata kuiosha. Picha hiyo haikumtoka. Katika safari ya pili alitembelea Toynbee Hall, nyumba ambamo vijana waliosoma walikwenda kuishi katikati ya maskini. Hapo akapata jibu lake.

Tarehe 18 Septemba 1889, yeye na rafiki yake Ellen Gates Starr walihamia nyumba kuukuu katika mtaa wa Halsted, Chicago. Iliitwa Hull House. Majirani walikuwa Waitaliano, Wajerumani, Wagiriki, Waayalandi, na Wayahudi waliotoka Urusi na Poland. Usiku wa kwanza, kwa furaha, walisahau kufunga mlango mmoja wa pembeni. Asubuhi waliukuta wazi, na hakuna kilichoibiwa.

Walianza na chekechea, kwa sababu akina mama walikwenda viwandani na kuwafungia watoto ndani. Kisha yakaja masomo ya usiku, maktaba, vilabu vya vijana, ukumbi wa mazoezi na mahali pa kuwatunza watoto wachanga mchana. Katika mwaka wa pili watu wapatao 2,000 walipita hapo kila wiki. Baadaye nyumba ile moja ikawa majengo 13.

Si kila kitu kilifaulu. Walifungua jiko la kupika vyakula vya bei nafuu na vyenye afya, na majirani hawakuvitaka. Watu walitaka ladha ya kwao. Wazazi, hapa nadhani mnacheka, maana sote tumewahi kupelekewa msaada wa chakula tusichojua hata tukipikeje.

Kosa lingine lilikuwa zito. Majira ya baridi ya 1893 ajira zilikauka, na watu walipanga foleni kuomba msaada. Alikuja baba mmoja aliyekuwa karani. Jane alifuata kanuni: kabla ya kupewa msaada, mtu ajaribu kwanza kazi iliyopo. Kazi iliyokuwapo ilikuwa ya kuchimba mfereji nje kwenye baridi. Yule baba alieleza kwamba maisha yake yote amefanya kazi za ndani, na kwamba hataiweza baridi ile. Jane akashikilia kanuni. Baba akaenda, akafanya kazi siku mbili, akapata nimonia, na baada ya wiki moja akafariki. Aliacha watoto wawili.

Jane hakulificha jambo hilo. Aliliandika kwenye kitabu chake ili wengine wajifunze, na hakuacha kufuatilia habari za wale watoto. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kanuni haikumjua yule karani. Yeye mwenyewe ndiye aliyejijua, na alikuwa amesema. Leo anayetoa ushauri nasaha hufundishwa kusikiliza kwanza. Nikiwa kazini, mgonjwa akiniambia jambo fulani hataliweza, ninamkumbuka yule baba.

Krismasi ya kwanza pale Hull House, Jane aliwagawia watoto peremende, na wasichana kadhaa wakazikataa. Hawakuweza hata kuzitazama. Walikuwa wakifanya kazi katika kiwanda cha peremende tangu saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku, wiki sita mfululizo. Jane na wenzake, hasa Florence Kelley, walikusanya ushahidi, na mwaka 1893 Illinois ikapitisha sheria ya kukataza viwanda kuajiri watoto wa chini ya miaka 14. Mwaka 1899 mahakama ya kwanza ya watoto nchini ilianzishwa Chicago, na watu wa Hull House walikuwa miongoni mwa walioipigania. Kabla ya hapo mtoto aliyeiba mkate aliweza kufungwa pamoja na watu wazima.

Takataka nazo zilijaa mitaani na watoto waliugua. Mwaka 1895 Jane akateuliwa kuwa mkaguzi wa taka wa kata yake. Aliamka alfajiri kuyafuata magari ya farasi na kuhakikisha yamebeba taka zote. Katika njia moja nyembamba walichimbua uchafu wa inchi 18 ndipo wakaiona barabara chini yake.

Sasa sikiliza hii, mwanafunzi wangu. Huenda umewahi kumwomba mama asizungumze Kiswahili kwa sauti mbele ya wenzako, au asije shuleni na kanga. Pale Hull House kulikuwa na msichana wa Kiitaliano aliyekuja kujifunza upishi wakati mama yake akija kusokota uzi. Msichana alipita mlango mwingine, ili wenzake wasimwone na mama mwenye mtandio kichwani na buti za shamba. Jane aliligundua jambo hilo. Mwaka 1900 alikuwa amefungua makumbusho ya kazi, mahali ambapo wazee wahamiaji walionyesha ufundi wa kwao. Siku moja msichana aliwakuta wageni wakimzunguka mama yake, wakistaajabia anavyosokota uzi kwa kijiti. Jane akamweleza kwamba mama yake ni fundi hodari sana, na kwamba alilelewa katika kijiji chenye uzuri wake. Tangu hapo msichana akawa anaingia mlango mmoja na mama yake.

Jane alipinga vita kuu ya kwanza ya dunia, na kwa hilo alitukanwa sana magazetini. Hakurudi nyuma. Mwaka 1931 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nicholas Murray Butler, mwanamke wa kwanza wa Marekani kuipata. Alikuwa mgonjwa, hakuweza kwenda kuipokea. Alifariki Chicago tarehe 21 Mei 1935, akazikwa kwao Cedarville. Sehemu kubwa ya Hull House ilivunjwa miaka ya 1960 kupisha chuo kikuu, lakini ile nyumba ya kwanza ingalipo, na sasa ni makumbusho.

Kazi ya nyumbani: muulize mama, baba, bibi au babu kitu kimoja anachojua kukifanya kwa mikono yake, kama kusuka ukili, kukuna nazi kwa mbuzi, kushona au kupaka hina. Mwombe akuonyeshe. Jumamosi ijayo njoo utusimulie kwa Kiswahili. Wazazi, watakaopata nafasi waje nao. Mlango wetu ni mmoja.